Wiki ya bei moja: mwongozo wa mtu wa Mtwara anayekwenda kula hoteli kubwa

Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia benki, shemeji yangu wa Tandahimba hakosi jambo. Mwaka mmoja pikipiki, mwaka mwingine bati. Safari hii alikuja hapa kwangu Chikongola na simu mkononi, akaketi kwenye benchi la nje, akaagiza chai, akasema, "Shemeji, wewe si ulikuwa hotelini Dar? Hebu nisomee hii."

Binti yake anafanya kazi Nairobi. Alikuwa amemwandikia kwamba akienda kumtembelea atampeleka hoteli kubwa, maana itakuwa wiki ya migahawa na watu wanakula kwa bei moja. Chini ya ujumbe kulikuwa na picha: sahani nyeupe pana kama ungo, na katikati yake kipande cha nyama kisichozidi kiganja cha mtoto.

"Hiki ni cha kuonja au ndicho chenyewe?"

Ndicho chenyewe. Nilihudumu mezani Dar es Salaam miaka sita kabla ya kurudi nyumbani kuuza wali na samaki, na swali la shemeji nimeliona kwenye nyuso za wateja wengi waliokuwa wanaona haya kuliuliza. Niliyomweleza siku ile ndiyo haya, nimeyapanga kidogo tu.

Ujue kwanza unauziwa nini

Mtindo huu ulianzia New York mwaka 1992. Chama cha Democratic kilikuwa kinafanya mkutano wake mkuu pale, mji umejaa wajumbe na waandishi wa habari, na Tim Zagat, mchapishaji wa vitabu vya kuwaelekeza walaji, pamoja na Joe Baum, mwenye migahawa, wakawashawishi wenye hoteli kubwa wauze chakula cha mchana kwa dola 19.92, bei inayofanana na mwaka. Ilikuwa iwe mara moja tu. Watu wakaipenda, ikabaki. Siku hizi New York hufanya mara mbili kwa mwaka, na bei zina ngazi tatu: dola 30, 45 na 60. Nairobi nao walianza ya kwao mwaka 2014, ikiendeshwa na EatOut, tovuti ya kutafutia migahawa.

Sasa kwa nini mwenye hoteli akubali kuuza kwa bei ya chini? Fikiria basi la alfajiri la kwenda Dar. Likitoka stendi na viti kumi vitupu, viti hivyo havitauzwa tena. Dereva kalipwa, mafuta yamechomwa. Meza ya hotelini ni hivyohivyo. Ndiyo maana wiki hizi huwekwa miezi ya wateja wachache, kama ile ambayo watu wametoka kwenye sikukuu na mifuko imekauka. Hoteli inajaza viti, wageni wapya wanaiona ndani, na faida inatafutwa pembeni: kwenye vinywaji, kwenye chakula cha kuongezea hela, kwenye mgeni atakayerudi mwezi ujao kwa bei kamili.

Kwa hiyo bei iliyotangazwa ni nafuu kweli, lakini kila kilicho nje yake si nafuu. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukiwa bado nyumbani

Chakula cha bei moja kwa kawaida ni sahani tatu: cha kuanzia, chakula kikuu, na kitindamlo (sisi hotelini tulikiita dizeti, na mpishi hajui jina jingine). Pengine ni mbili tu. Soma vizuri.

Kisha tafuta menyu yao ya kila siku, maana hoteli nyingi huiweka mtandaoni, ujumlishe vyakula vilevile kwa bei yake ya kawaida. Mfano niliompa shemeji ulikuwa hivi: bei ya wiki ni shilingi 3,000 za Kenya. Ukichagua supu ya 900, nyama ya kondoo ya 2,400 na keki ya 800, siku ya kawaida ungelipa 4,100, kwa hiyo umeokoa 1,100. Lakini ukichagua saladi ya 500, kuku wa 1,600 na aiskrimu ya 500, jumla ni 2,600. Umelipa zaidi kuliko mtu aliyeingia Jumatatu ya kawaida bila tangazo lolote. Watu wanaliwa hapo kila mwaka, huku wanatabasamu kwenye picha.

Kumbuka pia kwamba shilingi ya Kenya moja ni karibu shilingi 20 za kwetu. Ile 3,000 ni kama 60,000. Shemeji alisoma elfu tatu akafurahi, nikamwacha amalize chai kwanza.

Hatua ya 2: Shika meza, na uisome saa vizuri

Usiende bila kuweka nafasi. Wiki hiyo meza za Ijumaa na Jumamosi huisha mapema, na hata zikipatikana hutaifurahia: jiko limezidiwa, mhudumu anakimbia, meza yako inasubiriwa na watu wengine mlangoni. Chukua Jumanne au Jumatano. Siku ya kwanza ya wiki nayo iruke, kwani wapishi ndiyo wanazoea menyu mpya, na ya mwisho kila mtu amechoka. Chakula cha mchana wakati mwingine kina bei ndogo kuliko cha usiku na mpishi ni yuleyule.

Halafu kuna saa. Ukishika meza mtandaoni kwa simu, itakuandikia 7:00 au 19:00, nayo ni saa moja usiku. Usiku, si saa saba mchana. Shemeji alikuwa ameshaanza kupanga atafika saa ngapi baada ya swala ya adhuhuri. Nilimwambia ajiandikie kwa mkono wake, kwa saa yetu, aweke kwenye mfuko wa shati. Hoteli nyingi zikikusubiri robo saa bila simu yako, meza inapewa mwingine.

Hatua ya 3: Maswali ya simu, kabla hujavaa

Wengi wetu huku kusini ni Waislamu, na hapa ndipo watu huona tabu kuuliza wakiwa mezani mbele ya wenyeji. Uliza kwa simu. Na usiulize tu kama kuna kitimoto. Uliza nyama yao imechinjwa wapi. Uliza mchuzi wa nyama umetiwa mvinyo? Mapishi ya Kifaransa hutia mvinyo mwekundu kwenye mchuzi mzito kama sisi tunavyotia ndimu kwenye samaki, bila kufikiri, na kwenye menyu huenda hawakuandika. Kwenye vitindamlo uliza jelatini, ile inayogandisha vitu kama krimu ya kutikisika, maana mara nyingi hutoka kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe. Na keki nyingine hunyunyiziwa ramu. Mhudumu mzuri hatachoka kukujibu. Asiyejua atasema "ngoja nimuulize shefu", na hilo ni jibu zuri kuliko "hamna shida" ya harakaharaka. Mimi niliwahi kusema "hamna shida" nikiwa mgeni kazini, nikarudi jikoni nikakuta chupa juu ya jiko. Nilirudi mezani kuomba radhi kabla sahani haijatoka, na uso ulikuwa unawaka.

Uliza pia: bei ina kodi ndani? VAT ya Kenya ni asilimia 16, ya kwetu 18, na hoteli nyingine huongeza ada ya huduma. Je, watu wawili mnaweza kuchukua sahani za bei moja kwa mmoja tu mkagawana? Nyingi hukataa.

Mavazi: nguo safi, viatu vya kufunika vidole. Kanzu iliyopigwa pasi inaingia popote, na gauni la kitenge lililoshonwa vizuri halina hoteli linayoionea haya.

Hatua ya 4: Chagua kama mtu wa pwani

Hili ndilo nililolikalia muda mrefu, mpaka chai ya pili.

Shemeji alikuwa ameshachagua. Kamba wa kuanzia, samaki wa kupaka wa chakula kikuu. Nikamuuliza, "Kamba wa Nairobi wametoka wapi?" Akacheka. Wametoka baharini kama wetu, ila wao wamelala kwenye barafu na kupanda milima. Hapa unashuka soko la samaki la Feri asubuhi, unamchagua changu macho yake bado yanang'aa, unamwinua shavu kuona kama ndani ni pekundu, na mchana yuko kwenye nazi. Pweza unamkuta bado anajinyonganyonga kwenye beseni. Hakuna shefu wa bara atakayekushinda hapo, wala si kosa lake.

Kwa hiyo mtu wa Mtwara au Lindi akiwa bara na nafasi yake ni ya sahani tatu, aiache bahari. Achukue kile ambacho jiko lake haliwezi. Na kwenye jiko kubwa, kitu hicho mara nyingi ni nyama iliyopikwa taratibu: mguu wa kondoo, mbavu za ng'ombe, nyama iliyokaa ovena saa nne au tano hadi inaachia mfupa yenyewe ukiigusa kwa uma. Nani nyumbani ana mkaa wa saa tano?

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya jikoni. Wiki ile oda zinaingia kwa wingi na kwa pamoja. Nyama ya kuchoma ya papo hapo inategemea mpishi kuwa na dakika zake za kuiangalia, na hana. Nyama ya kupikwa taratibu iliiva jana, inapashwa moto ndani ya mchuzi wake, na mara nyingi siku ya pili ni tamu zaidi. Haijali jiko lina vurugu kiasi gani. Supu nzito ni vilevile. Lakini risoto, ule wali wa Kiitaliano unaotaka kukorogwa jikoni tangu mwanzo hadi mwisho, uwaachie siku yenye utulivu.

Ukichagua steki, mhudumu atakuuliza iive vipi. Sema "weldani" kama hutaki kuona damu, wala usione haya. Ila ujue kwenye sahani ya bei moja kipande huwa chembamba, na ukikiivisha kabisa kinageuka kandambili. Sababu nyingine ya kurudi kwa kondoo.

Tazama pia alama ndogo pembeni ya jina la chakula: kijinyota, au "+800". Hicho ni cha kuongezea hela. Kimewekwa juu ya orodha, kina jina tamu kuliko vingine, na kipo kwa ajili ya kukutoa kwenye bei uliyokuja nayo.

Kitindamlo: chochote chenye chokoleti ya moto ndani. Mwambie mhudumu mapema, kwani kinaokwa baada ya kuagizwa. Matunda usiyaguse hata kidogo. Papai na embe utakula Masasi kwa bei ya nauli ya bodaboda.

Hatua ya 5: Ukishakaa

Usiende na njaa ya shambani. Saa kumi jioni kula kipande cha muhogo wa kuchemsha. Sahani ni ndogo, na kati ya moja na nyingine kuna dakika ishirini za kuzungumza.

Vijiko na uma vimepangwa mstari: anza vya nje, uingie ndani kadiri sahani zinavyokuja. Mkate wa kushoto ni wako, glasi za kulia ni zako. Kitambaa kwenye mapaja. Ukipumzika, weka kisu na uma vikitazamana. Ukimaliza, vilaze sambamba, na mhudumu ataondoa sahani bila kukuuliza. Shemeji aliuliza kama kula kwa mkono ni kosa. Mkate unaliwa kwa mkono, mbavu ukishindwa kabisa zinaliwa kwa mkono. Vingine jaribu uma, na kama kipande kimeruka mezani, kimeruka. Kila usiku kilikuwa kinaruka cha mtu.

Mkate wa mwanzo ni mtamu na ni wa moto na hauhesabiwi, na ndio unaowashibisha watu kabla ya chakula walichokilipia.

Sasa, maji. Mhudumu atakuja na chupa kubwa ya kioo na kuuliza, "Ya kawaida au yenye gesi?" Swali limetungwa hivyo kwa makusudi: jibu lolote utakalotoa, umenunua maji. Mimi niliyeuliza swali hilo miaka sita, siku nilipokwenda kama mteja na mume wangu nilinaswa nalo. Nilijibu "ya kawaida" kwa sauti ya mtu anayejua, chupa ikafunguliwa, ya pili ikafunguliwa bila mtu kuuliza, na zikaja kwenye bili kwa bei ya sahani mbili za wali wangu. Uliza: "Chupa ni bei gani? Ndogo ipo?" Sema hivyo kwa upole, na usiombe msamaha.

Hatua ya 6: Bili

Tuseme ni shemeji na binti yake. Sahani tatu mara mbili, 6,000. Maji 500. Juisi mbili za 450, ni 900. Jumla 7,400. Ada ya huduma ya asilimia 10 ni 740, inafika 8,140. Kwa hela yetu ni karibu 163,000, wakati yeye aliondoka hapa akifikiria 120,000. Hakuna aliyemwibia, ni pembeni tu. Aende na hela ya pembeni.

Soma bili mstari kwa mstari kabla ya kulipa. Wiki ile inachapwa mamia, na kosa la kawaida ni kuchajiwa bei ya menyu ya kila siku. Kama ada ya huduma imo, bahashishi si lazima. Kama haimo, asilimia 10 inatosha, na mpe mhudumu mkononi. Mimi naegemea upande huo, sifichi: wiki ya bei moja mhudumu anabeba sahani mara tatu, na meza zimegeuka mara mbili.

Na hapa kwetu?

Shemeji hakuridhika. "Mpaka Nairobi, shemeji? Hapa Shangani hoteli zimejaa tele."

Ni kweli, na hapa njia ni nyingine: wiki ya bei moja unaitengeneza mwenyewe. Miezi ya mnada hoteli za Mtwara na Lindi zina wanunuzi wa korosho na watu wa malori, hakuna atakayekusikiliza. Nenda masika, Aprili au Mei, ambapo mhudumu anapangusa meza ileile mara nne. Mkusanyike watu wanane hadi kumi na wawili, muende wawili kuonana na meneja mchana, saa tisa hivi wakati jiko limepoa, na mseme: tunataka sahani tatu, bei moja kwa kichwa, kodi na maji ndani, siku ya Jumatano. Meneja mwenye akili atachukua kalamu. Mikindani nako kuna lile boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililogeuzwa hoteli. Hata kama hamkupatana bei, mandhari ya bandari kutoka pale juu haina kiingilio cha macho.

Hapa sasa ule ushauri wa bahari unageuka. Agizeni samaki. Waambieni mpishi anunue Feri asubuhi ya siku hiyo, na mmoja wenu afuatane naye kama anaweza. Kikuu kiwe kamba kochi au kaa, kitu ambacho nyumbani kinawatia watu uvivu wa kukipasua. Kitindamlo kiwe na korosho. Ni aibu kidogo kwamba unaweza kula hoteli ya Mtwara siku tatu usione korosho nje ya kibakuli cha baa.

Lipeni nusu kabla, muandikiane kwenye karatasi vyakula, idadi ya watu na saa (saa yetu), na siku ya kulipa mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Idadi msiikadirie kwa matumaini. Mkisema kumi na wakaja saba, mtalipia kumi, na ni haki.

Tumeshawekeana Jumatano moja ya Mei, watu tisa. Shemeji ameshika jambo moja tu, kwamba chakula cha kuanzia kiwe ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na ndimu, kwenye sahani ile nyeupe pana. Meneja alinitazama mimi, mimi nikamtazama shemeji. Tumekubaliana ataileta mwenyewe kutoka Tandahimba, ndoo moja, siku moja kabla, ikiwa imeshaoshwa mchanga.